Damu ya Mwenye Njaa

Haya niliambiwa na Insaf mwenyewe, msimu wa mapera wa mwaka juzi, tumekaa kwenye ngazi za nyumba yao pale Zifta tunachambua mchele. Alianza anacheka, akamaliza hacheki.

Mumewe, Mitwalli, alikuwa mshona magodoro. Hakuna bibi harusi wa mtaa ule aliyelalia pamba ambayo haikupita mikononi mwake. Kisha figo zake zikachoka, akawa mtu wa kupelekwa hospitali siku tatu kwa wiki kulazwa kando ya mashine, damu itoke, isafishwe, irudi. Akirudi nyumbani anakuwa kama nguo iliyokamuliwa.

Mwana wao mmoja tu, Sabri, alisema, "Mimi ninazo mbili, Baba achukue moja." Wakapimwa, wakalingana. Likabaki neno la daktari tu, na daktari hakulitoa.

"Mama Sabri," daktari alimwambia Insaf, amempeleka kando ya dirisha ili mgonjwa asisikie, "kuna kitu kwenye damu kinaitwa albumini. Hicho ndicho kinachotuambia mwili unalishwa au haulishwi. Cha mumeo kinashuka kila tukipima. Nikimpasua na damu kama hii, kidonda hakitafunga, na figo ya mwanao itapotea bure."

"Labda ni maradhi, daktari."

"Maradhi nayo hushusha. Nimetafuta, sikuona. Niwie radhi, mama, lakini damu hii ni ya mtu mwenye njaa. Nyumbani anakula nini?"

Insaf alihisi uso unamwaka moto. Yeye! Yeye ambaye mabata yake ya darini, juu ya paa la nyumba, hushiba kabla ya watoto wa watu! "Anakula kuliko wewe," alisema.

Daktari hakukasirika. "Nyama, mayai, kuku, kila siku. Nitapima tena mwezi ujao. Ikiwa iko vile vile, habari ya upasuaji naifunga."

 Njiani kote Insaf alikuwa anapiga hesabu moyoni. Nyama ananunua yeye. Anapika yeye. Anagawa yeye, kwa mkono wake, kama mama yake alivyogawa na bibi yake kabla ya hapo: kila mtu fungu lake juu ya mkate, na la mwenye nyumba ndilo kubwa. Basi, nyama ikitoka mkononi mwake na isifike kwenye damu ya mumewe, iko mahali. Nyama haina miguu.

Kwanza aliwashuku wa maabara. Alikwenda akawaambia wazi kuwa wamebadilisha vichupa, damu ile ni ya maskini mwingine. Kijana mmoja akamwonyesha jina la mumewe kwenye kichupa. Insaf akasema jina huandikwa na mkono, na mkono ni wa binadamu. Wakamtoa kwa adabu.

Ndipo shuku yake ikarudi nyumbani, na iliporudi ikamkuta Nagla.

Nagla alikuwa mke wa Sabri, wanakaa ghorofa ya juu, wana watoto wawili wadogo. Mwanamke mpole, mwenye kucheka na mkono kinywani. Lakini siku moja Insaf, akipanda na beseni la nguo, alimsikia kwenye simu akiongea na mama yake. "Na Sabri akifia humo humo kwenye kisu, mama? Mimi na hawa watoto twende wapi? Mungu anisamehe, wakati mwingine naomba wamkatae."

Insaf alishuka na beseni lake, nguo hazijaanikwa.

Toka siku ile hakumwona tena Nagla kama mkwe. Alimwona kama mlango ulioachwa wazi. Nani anayepanga sahani? Nagla. Nani anayebeba sahani ya Baba akiwa amechoka na mashine? Nagla. Na nani afurahiye albumini ikibaki chini? Akajibu mwenyewe.

Akaanza kuficha sufuria. Supu aliikaza kifuniko na kuweka jiwe la kusagia juu yake. Nagla alikuja kuomba kijiko cha samli akaliona lile jiwe.

"Mama, sufuria inataka kuruka?"

"Kuna paka."

"Paka wa kufungua sufuria?"

"Wengine wana vidole," alisema Insaf, akamtazama vidole.

Nagla alicheka, halafu akaacha. Toka hapo akawa anaingia jikoni kama mtu anayeingia dukani bila pesa.

Sabri naye aliuliza, "Mama, una nini na Nagla?"

"Sina kitu. Baba yako ndiye asiye na kitu, kwenye damu."

Mezani ikawa vita ya macho. Walikaa chini kuizunguka meza fupi ya duara, na Insaf, akishagawa mafungu, macho yake hayakutoka kwenye mikono ya Nagla. Nagla akinyoosha mkono kwenye figili, Insaf anakohoa. Nagla akimkatia mtoto mkate, Insaf anainamisha kichwa aone kilichomo. Chakula kikawa hakishuki kwa mtu yeyote.

Mtu mmoja tu hakumtazama, mumewe. Si kwa kusahau. Pale kwao kumtazama mtu mdomoni anapokula ni aibu kubwa, ni kama kumwambia nahesabu matonge yako. Na mgonjwa ndiye zaidi, asije akaona anahesabiwa chakula ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo Mitwalli alikula bila jicho la mtu. Na mara nyingi alilikunja fungu lake ndani ya mkate, akainuka polepole, akasema, "Mashine imenitia baridi mifupani. Nakwenda kula darini, kwenye jua."

"Nenda, Baba Sabri. Jua ni dawa," Insaf alimwambia, huku macho yake yako kwa Nagla.

Akifua kanzu za mumewe aliona doa la mafuta mfukoni, doa kubwa, limekolea. Aliliona akasema, mzee amekuwa mtoto, anafutia mikono mfukoni. Akalisugua kwa sabuni na ndimu. Mara ya pili akalisugua tena. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, na yeye alikishika mkononi akakifulia povu.

Ikabaki wiki moja daktari apime.

Asubuhi hiyo Insaf alishuka kununua majani kwa Atiyat. Atiyat alikuwa mjane, alipanga majani yake uchochoroni, nyuma ya nyumba, na watoto wake wakicheza pembeni. Hawakuwa marafiki. Miaka ya nyuma waligombana kwa ajili ya maji yaliyomwagwa, na toka hapo ilikuwa salamu tu na bei. Lakini siku ile Atiyat alipomwona alisimama, akafuta mkono kwenye kanga yake ya kichwani, akamshika Insaf mkono na kutaka kuubusu.

"Una nini wewe?" Insaf akauvuta.

"Acha nikubusu, Mama Sabri. Mimi nilikuwa nakusema vibaya, nisamehe. Watoto hawa hawajui nyama ila kwa jina, na wewe unawateremshia kila siku. Bata wa juzi! Mungu aujaze huo mkono. Ila chumvi ulipunguza."

"Chumvi," alisema Insaf.

"Naelewa, ni ya mgonjwa. Sisi hatulalamiki."

 Insaf alitazama juu. Kutoka ukingo wa dari lake ilining'inia kamba, na mwisho wa kamba kikapu, kile kile wanachoteremshia pesa za mkate na kupandishia mkate. Kikapu hicho kilikaa siku zote upande wa barabara. Nani aliyekihamishia huku nyuma?

"Huwa ninakiteremsha saa ngapi?" aliuliza.

Atiyat akacheka. "Wewe! Kwani wewe ndiye unayeteremsha? Mzee. Anasema Mama Sabri anaona haya, kwa sababu ya yale maji, tusiseme neno."

Sitaficha alivyowaza kwanza. Aliwaza, mjane huyu ana miaka mingapi? Alimtazama nyusi, akamtazama kiuno, akakumbuka kwamba Mitwalli ndiye aliyemshonea godoro la harusi. Alipanda ngazi na wivu wa msichana wa miaka ishirini, magoti yanalia. Kufika ghorofa ya pili wivu ukamwishia pumzi. Mtu anayemtamani mwanamke hupaka mafuta nywele, hadhoofishi afya yake. Mumewe alikuwa amebaki ngozi na meno. Hakuwa anamlisha Atiyat. Alikuwa anajinyima mwenyewe, Atiyat alikuwa mahali pa kuitupa nyama bila dhambi.

Sasa kwa nini?

Hakumuuliza siku ile. Alinyamaza hadi Ijumaa, akamchinja bata mnene kuliko wote. Sabri alikuwa zamu kazini, kwa hiyo mezani walikaa watatu na vitoto: yeye, Mitwalli na Nagla. Akagawa. Fungu la Mitwalli lilikuwa paja zima. Mitwalli akalikunja kwenye mkate, akaweka kiganja chini ili ainuke.

"Kaa," alisema Insaf.

"Baridi, Mama Sabri."

"Nimefunga madirisha. Kula hapa."

Akakaa mbele yake, goti kwa goti, akamtazama mdomoni. Waziwazi. Nagla alishusha uso kwa aibu.

"Unanitazama mdomo?" Mitwalli aliuliza.

"Nakutazama."

"Miaka arobaini sijatazamwa."

"Ndiyo kosa langu. Nimetazama vidole vya mtoto wa watu, sikukutazama wewe. Atiyat anakusalimu. Anasema bata alikosa chumvi."

Mitwalli aliuweka mkate chini. Hakukana, hakuwa mtu wa kukana. Alicheza na ukoko wa mkate kwa muda, halafu akasema, "Daktari alisema damu ikiwa chini, hawapasui."

"Ulisikia?"

"Figo ndiyo imekufa, masikio ni mazima. Insaf, kijana ana watoto wawili. Nimekula jasho lake tangu niache upinde wa kuchambulia pamba. Sasa nile na nyama yake? Nikimwambia sitaki, atanishinda kwa maneno, wewe unamjua. Nikaona nikate kule kwenye damu. Damu haibishani na mtu."

"Na kufa?"

"Kufa kupo."

Insaf alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia. Lakini kabla hajachagua, Nagla aliongea, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama. Kumbe lile jiwe lilikuwa la kwangu?"

Insaf akaanza kukusanya makombo ya mkate.

"Ulidhani mimi ndiye ninayemwibia Baba nyama?"

"Nilikusikia kwenye simu, mwanangu. Unaomba wamkatae."

Nagla alinyanyua uso, umelowa. "Niliomba. Nilimwambia mama yangu kwa kuwa ni mama yangu, si ili nifanye. Nimeogopa, na hata sasa naogopa. Kuogopa nako ni wizi?" Kisha akamgeukia mzee, na ule upole wake wote ukawa umevuliwa. "Na wewe, Baba! Wewe ukifa na njaa, ukidhani umenihurumia, Sabri atanitazama kila asubuhi kwa jicho gani? Mtaa mzima watasema Nagla ndiye aliyemzuia mumewe. Mama mkwe wangu tu hapa ameshasema, na ananipenda!"

"Sikusema, niliwaza," alinung'unika Insaf.

"Uliweka na jiwe, Mama."

Mitwalli alitaka kucheka, akaona si mahali pake.

Nagla alisogea, akaunyakua ule mkate, akaufungua. Akachana paja la bata kwa vidole vile vile vilivyotazamwa mwezi mzima, akakata tonge na kulileta mbele ya mdomo wa mkwewe.

"Kwa ajili yangu."

"Binti yangu..."

"Utaurudisha mkono wangu na chakula kikiwa ndani yake?"

Hilo halirudishwi, si pale kwao. Mitwalli alifungua mdomo kama mtoto anayepewa dawa. Alitafuna. Machozi yalimwingia masharubuni, naye akaendelea kutafuna. Wanawake wawili walimtazama koo mpaka tonge likashuka, halafu Nagla akachana jingine.

"Nitakula," alisema mzee, paja limekwisha. "Lakini la figo nitazungumza na Sabri uso kwa uso."

"Zungumza ukiwa na nguvu za kuzungumza," alisema Insaf. "Damu yako kwanza iseme kweli."

Nagla akakusanya sahani. Insaf akainuka naye, akaliondoa jiwe juu ya sufuria, akalirudisha kwenye kona ya viungo. Akachukua bawa la bata, fungu lake yeye, akamtia Nagla mkononi. Nagla akalitazama, akalila pale pale amesimama. Bado alikuwa amekasirika, ila alilila.

Likaja joto la baada ya sala, saa ya kailula, ule usingizi wa mchana. Nagla alipanda na watoto, ukasikika mlango, wamelala. Mitwalli alijinyoosha juu ya godoro aliloshona mwenyewe, akaweka mkono usoni, na punde akawa anakoroma.

Insaf alimkaribia kwa ncha za vidole. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu. Tasbihi. Akaingiza kwenye mfuko wa pili. Leso, kavu. Akainusa hata hivyo. Akapanda darini, akafungua fundo la kamba, akashuka na kikapu, akakisukuma chini ya mto wake, na kamba yake yote. Kesho angempelekea Atiyat sahani ya watoto, kwa miguu yake, kwa mlango wa mbele.

Alilala ubavu, uso kwa mumewe. Alisema atafumba jicho moja tu, la pili limlinde yule mzee. Mto ulikuwa na matuta kwa sababu ya kikapu. Alimsikiliza anapumua, akamsikiliza tena, na kabla hajaamua kama ule mkoromo ni wa kweli au wa kusingizia, jicho la pili nalo likafumba.