Hela za Kwanza za Kahaso

Kahaso alilipwa Jumamosi, na Jumapili asubuhi Chome akakuta kifundo cha kitambaa kando ya bakuli lake la uji. Hakuhitaji kukifungua. Binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa amepalilia miwa siku thelathini, na kila jioni nyapara Maweu humtilia mtu alama kwenye kipande chake, ile kadi ya kazi, akiwa amemaliza sehemu aliyopimiwa. Usipomaliza, umelima bure. Siku hizo thelathini Kahaso alizipata kwa wiki sita, na malipo yenyewe yalikuwa nusu ya yale ya mtu mzima, maana mkono wa mtoto, walisema wakubwa, ni nusu ya mkono. Majani ya miwa hayakujua hesabu hiyo. Yalimchana sawa na wengine.

Chome alijua pia kwa nini kifundo kimewekwa pale. Kwao mtoto hali hela yake ya kwanza kabla mzazi hajaishika. Mzazi huipokea kwa mikono miwili, akapiga funda la maji na kumpulizia mtoto kifuani baada ya kumnenea mema. Kisha hutwaa kidogo cha kula siku hiyo hiyo, zilizobaki akamrudishia mwenyewe. Kazi hiyo angeifanya Mbeyu, mamake Kahaso. Lakini Mbeyu alikuwa kaburini, nyuma ya nyumba, tangu mwaka jana, siku aliyobebwa kwa kitanda hadi zahanati mpya, ile iliyofunguliwa kwa ngoma na hotuba ndefu, wakakuta mlango una kufuli.

Chome akachukua ukuni, akakisukuma kile kifundo hadi upande wa pili wa mkeka, akanywa uji wake.

Kesho yake kikawa kando ya bakuli tena. Akakisukuma tena. Jioni Kahaso alikitoa kwenye mkeka, asubuhi akakirudisha, akamwamkia babake, "Shikamoo baba," akajitwika jembe akaenda zake. Siku ya nane Chome alikuwa ameshachonga kijiti maalumu.

Alikuwa na sababu. Mwaka mmoja kabla ya uhuru, chifu alimjia na watu wawili wenye mkoba. Wakamhesabia shilingi arobaini, wakamshika kidole gumba, wakakichovya kwenye wino. Ni za usumbufu wa kupimapima shamba lako, walimwambia. Akazipokea, na akashukuru, jambo ambalo hadi leo lilimuuma kuliko yote. Miezi michache baadaye mikorosho yake sitini iling'olewa, pakapandwa miwa. Alipokwenda ofisi ya wilaya, Kwale, kulalamika, bwana mweupe alimwonyesha karatasi: umeuza, mzee, kidole chako hiki hapa. Bendera ikabadilika, yule bwana mweupe akaondoka mezani, akakaa mwenzetu mwenye tai. Karatasi ilitolewa kwenye kabati lile lile, na jibu likawa lile lile. Basi Chome alijifunza jambo moja: hela ya miwa ukiishika, umekubali.

Vijana wenziwe Kahaso walikwishatumia zao. Mapenzi, binti wa jirani, alinunua viatu vyeupe ambavyo huvibeba mkononi njia nzima asivichafue. Mwero alinunua kengele ya baiskeli. Baiskeli hana. Hupita kwenye vijia vya miwa akiipiga kwa kidole gumba, na wazee wanaposogea pembeni kumpisha husema, "Ahsanteni, breki ni mbovu."

"Wewe zako umezizika?" Mwero alimuuliza Kahaso, Chome akisikia kutoka uani.

"Ziko."

"Ziko wapi? Zitaota?"

"Mwero, nenda kaegeshe baiskeli yako."

Chome alitaka kucheka, akageukia kuni zake.

Wiki ya tatu mama yake Mapenzi alikuja, akapiga hodi na kuketi kabla hajakaribishwa. Huyu mama alikuwa mwandani wa marehemu, na hakumwogopa Chome hata kidogo.

"Baba Kahaso, nimekuja kukuuliza. Umekufa lini?"

"Maneno gani hayo?"

"Nauliza, maana sisi hatukuletewa habari ya matanga. Jana mtoto wako alikuja kwangu na kitambaa chake. Amepiga magoti. Ananiambia, mama, nishikie wewe, maana sina wa kunishikia. Nikamwambia babako yu hai, nilimwona asubuhi akigombana na mbuzi. Siwezi kumnenea mtoto ambaye mzazi wake anapumua."

Chome akatazama chini. "Hela zile ni za miwa. Unajua walivyonifanya."

"Najua. Kijiji kizima kinajua, umetusimulia sana. Waliokupa zile arobaini walikuwa na mkoba na wino. Huyu ana malengelenge. Mikono yake umeiangalia?"

Hakuwa ameiangalia.

Jioni ile Kahaso aliporudi, Chome alikuwa amekaa mlangoni na kata ya maji.

"Mama," alimwita, maana jina la Kahaso lilikuwa la mamake mzazi Chome, na tangu azaliwe hakumwita vingine. "Hebu lete mikono."

Akainyoosha. Viganja vilikuwa vigumu kama vya mwanamume, na kuanzia vidole hadi juu ya viwiko kulikuwa na michirizi mingi myembamba, mingine imepona, mingine mibichi. Chome akaishika, akaigeuza huku na huku. Miaka yote ile alikuwa akifikiri miwa imemla yeye peke yake.

"Kile kitambaa kiko wapi?"

Kahaso akakitoa kiunoni. Hakukitia kwenye mkeka safari hii, aliinama akakiweka kwenye viganja vya babake. Chome akatulia kidogo, kama mtu anayengoja kuungua. Kilikuwa kitambaa tu, chenye joto la mwili wa mtoto.

Akapiga funda la maji, akalimeza. Maneno hakuwa nayo. Maneno haya yalikuwa ya Mbeyu. Akaanza na aliyoyazoea.

"Mungu uliye juu, wale waliokula mikorosho yangu, na chifu yule, na yule wa tai wa kule Kwale..."

"Baba," Kahaso akamkatiza kwa upole, "leo nibariki mimi. Wao utawalaani kesho."

Chome akaishusha kata.

"Jembe lisikukate," akasema polepole. "Nyoka wa miwa akupishe. Maweu asikuruke kwenye kipande. Unachokishika kikae. Usiweke kidole kwenye karatasi usiyoisoma. Na ukichoka, mama, uchoke uje nyumbani, mimi nipo."

Akapiga funda jingine, akampulizia maji kifuani. Kahaso akashtuka kwa baridi, akacheka na kulia kwa pamoja, akajipangusa kwa mkono ule ule wenye michirizi. Chome akatwaa shilingi moja, kitambaa akakifunga upya, akamrudishia. Kabla jua halijazama aliila ile shilingi yote kwa samaki wa kukaanga na mihogo, nusu akampa Kahaso.

Jumamosi walikwenda Msambweni pamoja. Kahaso alitaka gauni, na si la kununua lililotundikwa, alitaka la kupimwa yeye. Alichagua kitambaa cha kijani dukani, na kukichagua huko kulichukua muda mrefu hata mwenye duka akakaa chini. Kisha wakaenda barazani kwa fundi Chengo, ambaye alimpima mabega na kiuno, penseli sikioni.

"Mifuko?"

"Miwili," akasema Kahaso. "Ya ndani."

"Mikono je? Mifupi au mirefu?" Fundi hakumtazama Kahaso alipouliza hilo. Alimgeukia Chome, kama wafanyavyo mafundi wote kwa mabinti walioletwa na baba zao.

Chome alikuwa na jibu lake. Mirefu, tena hadi kwenye kiwiko na kupita, kwa heshima na kwa kuficha ile michirizi. Akafungua kinywa. Kahaso alikuwa amesimama wima, tepu ya fundi ikimning'inia shingoni, macho yake kwenye kitambaa cha kijani.

"Unaniuliza mimi kwani gauni nitavaa mimi?" Chome akasema. "Muulize mwenyewe."

"Mifupi," akasema Kahaso.

Chengo akaandika.