Makumbusho ya Mnada wa Garsby

Garsby ina historia, jamani, msitudharau. Mfalme mmoja alipita hapa zamani, mvua ikamnyeshea, akakohoa, akaondoka. Pale alipokohoa tumeweka kibao cha shaba. Tuna pia msalaba wa mawe uliobaki kisiki, na saa ya kanisa inayosema saa nne mwaka mzima. Wageni wakimaliza kupiga picha maajabu hayo wanakuwa wamelowa chapachapa, ndipo wanakuja dukani kwangu kunywa chai na skonzi.

Kitu kimoja tu mjini kilikuwa bado kizima: mnada wa kondoo wa kila Alhamisi. Kwa hiyo, bila shaka, ndicho kilichoamuliwa kifungwe. Mwenyekiti wa kamati ya mji, Bwana Piers Lathbury, aliyetuhamia kutoka London na kofia mpya ya wachunga kondoo, alitaka kuua mnada ili pale pale ajenge makumbusho ya mnada. Sitanii.

"Mama Edna, hebu fikiria!" aliniambia, makombo ya skonzi yamemjaa kidevuni. "Sauti za kondoo kwenye spika, na Mzee Wilf ameketi na fimbo yake. Wageni watampenda!"

"Na kondoo wenyewe?"

"Tutaweka wa kujazwa pamba."

Wilf ni kaka yangu. Kondoo wake wanaishi juu nyikani bila uzio. Kila jike humfundisha mwanawe mpaka wa malisho, tangu enzi za babu yetu. Mnada ukifungwa, Wilf hana pa kuuzia wanakondoo. Mnada wa jirani uko mbali, gari lake linazimika kila kilima, na magoti yake hayana hali. Ingebidi awape wachinjaji kundi zima. Alikuwa haniambii kitu, ila chakula kilikuwa hakimpiti kooni, na mimi roho iliniuma vibaya.

Ikafika Alhamisi ya mwisho. Mwenyekiti akaja na mpiga picha, maana toleo jipya la kijitabu chake cha watalii lilikosa picha ya jalada. Akaingia katikati ya duara la mnada, viatu viking'aa.

"Mzee Wilf, tugonge viganja kama mnavyofanya mkiuziana. Iwe halisi!"

"Halisi kabisa?" Wilf akauliza.

"Kabisa, mzee wangu!"

"Haya, taja bei ya kundi zima."

Mwenyekiti akacheka, akataja bei ya kifalme. Wilf akatemea mate kiganja, pah! Viganja vikagongana. Mnadi wetu, Hartley Metcalfe, akagonga fimbo yake mezani.

"Wameuzwa! Wa Mwenyekiti!"

Wilf akamrudishia sarafu moja ya bahati, kama muuzaji yeyote mwenye adabu. Uwanja mzima ukapiga makofi.

"Ngojeni, ngojeni! Ilikuwa picha tu!"

"Na imetoka vizuri," Hartley akamwambia. "Hebu tusomee kijitabu chako, Mwenyekiti. Ukurasa wa kwanza umeandika nini?"

Maskini, alikiandika mwenyewe: Garsby, mji ambao kiganja kikigongwa mnadani hakuna kurudi nyuma. Nakala zilikuwa zimeshasambazwa hadi London. Akawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Sawa! Nitawauza Alhamisi ijayo!"

"Alhamisi ijayo hakuna mnada, Mwenyekiti. Si umeufunga?"

Kondoo mmoja akalia.

"Basi tutasogeza mbele kidogo siku ya kuufunga," akasema. "Mpaka niwauze hawa."

Alhamisi ikafika, akasimama duarani akiwasifia kondoo mpaka sauti ikamkauka. Watu wa Garsby walijaa, mikono mifukoni. Hakuna aliyethubutu hata kujikuna pua, maana mnadani ukiinua mkono tu umenunua. Alhamisi iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Wanakondoo wa wengine wananunuliwa kama kawaida. Wake tu, loo, soko gumu. Na kwa kuwa hajui kondoo anakula nini, amemwajiri Wilf awachunge, pale pale nyikani. Kaka yangu sasa anakula sahani mbili.

Juzi tulinusurika chupuchupu. Mgeni mmoja, maskini wa watu, alikuwa nyuma akishangaa saa ya kanisa. Hartley akiwa ameshauliza, "Nani atalichukua kundi la Mwenyekiti?" yule bwana akainua mkono kumwonyesha mkewe mshale uliokwama. Wilf, yule yule asiye na magoti, aliruka viti viwili akamshika mkono akaushusha.

"Taratibu, mwanangu," akamwambia, akihema. "Hao ni vitu vya makumbusho. Haviuzwi."