Mikono Nje ya Picha

Mikono ya yule fundi cherehani ilizungumza kwa muda mrefu, ikapanda, ikashuka, ikakata hewa kama mkasi. Kisha shemeji yake akanigeukia na kusema, "Anasema alifurahi sana nilipompa nafasi humu dukani kwangu."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, dada. Viziwi nao wana maneno mengi."

Fundi alikuwa akinitazama mimi, si shemeji, na macho yale hayakuwa ya mtu aliyefurahi. Nilitaka kuuliza tena. Lakini wakati huo nilikuwa mtayarishaji mgeni wa filamu, na niliona aibu hata mbele ya mhudumu wa chai. Nikaitikia kwa kichwa. Shemeji akatabasamu, akaegemea kaunta kama mwenye mali.

Nimetengeneza filamu nyingi tangu hapo, za watu ambao kamera huwapita bila kuwaona. Kila ninapomsikia mtu akimsemea mwenzake, tabasamu lile hunirudia.

Tulipotoka pale dukani, katika chumba cha uhariri nilimketisha mwalimu wa shule ya viziwi ili anisomee alama. Alitazama, akasogeza kiti, akatazama tena.

"Mikono iko wapi?"

Mpiga picha wetu akajikuna shingo. Alikuwa amefanya kama tufanyavyo siku zote mtu anapozungumza kwa uchungu: alivuta picha karibu mpaka ikabaki sura tupu.

"Mmemrekodi kiziwi mkamziba mdomo," mwalimu alisema. "Hongereni."

Tulichokuwa nacho ni uso wa mama yule na sauti ya shemeji, na kwa vitu hivyo viwili tulikuwa karibu kuutangazia ulimwengu kwamba duka ni la shemeji. Kipande kimoja tu kilionyesha mikono, pale mpiga picha aliporudi nyuma ili cherehani nayo ionekane. Mwalimu alikirudia.

"Anasema duka aliachiwa na marehemu mumewe. Halafu anakuuliza wewe: huyu amekwambia nini?"

Kesho yake tulirudi na mwalimu. Shemeji alikuwa mlangoni.

"Si mlimaliza? Mkalimani wake ni mimi."

"Leo tumekuja na wetu," nikasema.

Fundi aliinuka kutoka kwenye cherehani, akasoma mikono ya mwalimu, akamsindikiza shemeji nje kwa kiganja mgongoni, akafunga mlango kwa komeo. Nilidhani sasa atanikumbatia. Badala yake alinikagua juu hadi chini, akasema jambo fupi.

"Anauliza, na wewe akuamini kwa nini?"

Nikamgeuzia kioo cha kamera ajionee picha tuliyompiga mara ya kwanza. Aliviona vilivyokuwamo: sura, shingo, basi. Akainyanyua kamera pamoja na miguu yake mitatu, akairudisha nyuma hadi ukutani, akachungulia tena. Ndipo akaenda kuketi, akakunja mikono ya blauzi.

Nje, shemeji akaanza kugonga mlango. Fundi hakusikia, nasi hatukumwambia.