Kitovu Ndani ya Sanduku la Kihei

Gari la maiti lilikuwa limeshafika, na sanduku bado halijafunguka.

Yaeko alikuwa amelishika mapajani, kando ya jeneza la mama yake, wifi yangu Sumie. Kaka yangu Kihei, mumewe Sumie, ndiye aliyelitengeneza, walipofiwa na mtoto wao wa kwanza. Ndani waliweka kipande cha kitovu cha yule mtoto, kimekauka, kimeviringishwa kwenye pamba. Sumie aliomba kitu kimoja tu: akifa, aende na kitovu kile, na sanduku libaki kwa Yaeko. Lakini hakuwahi kumwonyesha mtu namna ya kulifungua.

Hapa Hatajuku, kijiji cha mafundi wa masanduku ya siri, kila nyumba inanukia gundi na maranda. Hata mimi nisiyeshika randa, mikono yangu inajua: kwanza unasukuma ubavu wa kulia uteremke, ndipo kifuniko kiteleze. Yaeko alisukuma. Haukusogea.

"Mvua hizi," alisema. "Mbao zimevimba."

"Nikalete patasi," alisema mumewe, Genzo.

"Thubutu. Hujawahi kupigilia msumari ukanyooka, leo uguse kazi ya baba?"

"Basi lichomwe lote pamoja na mama, mke wangu. Tutafanyaje?"

Yaeko akalikumbatia. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, na masanduku yake mengine yote yalikwenda dukani. Zile nyota za mbao nyeupe, za kahawia na nyeusi zilizopamba kifuniko ndizo pekee zilizobaki za mikono yake.

Dereva aliinama mlangoni. "Samahanini sana. Kwenye tanuri la maiti wanatusubiri."

Genzo akatoka kuelekea karakana. Nikasikia droo za zana zikivutwa. Sikutaka kuona, nikageukia madhabahu ya wafu wetu, kwenye trei ya wali anaowekewa marehemu Kihei. Vijiti vyake vya kulia vilikuwa vimelazwa kinyume na vyetu.

"Yaeko, nani kaweka vijiti hivi?"

"Mimi, shangazi. Mama alisema baba anawekewa hivyo. Hakuniambia kwa nini."

Mimi nilijua. Kihei alizaliwa mashoto. Fundi aliyemfunza alimchapa vidole mpaka akazoea kufanya kazi kwa mkono wa kulia. Nyumbani, tangu chakula chao cha kwanza, Sumie alimgeuzia vijiti bila kusema neno. Hata Kihei alipokufa, Sumie hakuacha.

"Sukuma wa kushoto," nikasema. "Hili hakulitengenezea duka, mwanangu. Alimtengenezea mkewe."

Genzo alirudi na patasi. Yaeko alibonyeza ubavu wa kushoto. Ukashuka, upana wa ukucha, ukakwama.

"Ngoja nilazimishe kidogo," alisema Genzo.

"Usiguse," nikamwambia. "Yaeko, weka kiganja tu. Lipate joto lako."

Akaweka. Dereva akakohoa. Tulisikia mvua juu ya paa, na pumzi ya Yaeko, kisha mlio mdogo wa mbao ikiachia mbao. Kifuniko kikateleza kwenda kushoto.

Pamba ilikuwa pale, imekuwa ya manjano.

Genzo aliiweka patasi chini, taratibu, isigonge sakafu, akamsaidia mkewe kusimama. Yaeko akakiingiza kitovu katika kiganja cha mama yake, akamkunja vidole kimoja kimoja.

Dereva alikuwa ameshaitoa saa mfukoni. Akairudisha bila kuitazama.