Kahawa ya Mzazi

Wiki ya tano sasa, mtoto halali. Macho kodo, miguu inapiga hewa, kilio juu ya kilio. Mama yake, mwalimu wa hesabu, alikuwa amechoka mpaka siku ya kliniki akatoka na viatu viwili visivyojuana.

Nyumbani kila mtu alikuwa na dawa ileile. Alfajiri mama mkwe alimpikia kahawa nzito: "Kunywa, mwanangu, upate nguvu ya kumbembeleza." Saa nne wifi alileta yake. Jioni ilikuwa zamu ya mume, ambaye msaada wake mwingine wote ulikuwa ushauri. Mwalimu alikunywa zote, vikombe viwili viwili. Wema wa watu unaukataaje?

Kule kliniki muuguzi alimpima mtoto, akamchungulia masikio, akambonyeza tumbo. Hakuona kitu.

"Na wewe mama, unakunywa nini?"

"Kahawa tu. Vikombe sita, saba. Bila hivyo nitaanguka naye."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Basi mnakunywa wawili. Inapita kwenye maziwa. Wewe itakutoka baada ya saa kadhaa, lakini huyu bado mchanga, inamkalia siku na siku. Punguza, bakisha kikombe kimoja."

Mwalimu alitaka kucheka, yakamtoka machozi. Anakunywa kwa sababu mtoto halali, na mtoto halali kwa sababu anakunywa! Hesabu ya darasa la pili, naye kaikosa wiki tano nzima. Kwa hasira akaacha hata hicho kimoja.

Hapo ndipo alipokiona cha mtema kuni. Siku tatu kichwa kilimgonga, mwanga wa dirishani ukamchoma, akamfokea kila aliyepumua karibu naye. Mama mkwe akanuna. "Mimi nimelea saba kwa kahawa hiyohiyo," alisema, akiondoka na birika lake.

Siku ya sita, saa nane mchana, mtoto akalala. Akalala kweli, mdomo wazi, vidole vimelegea. Mwalimu alikaa kando ya kitanda akiogopa hata kukohoa.

Mume akaingia kwa kunyata, akachungulia, akatabasamu.

"Kumbe tatizo lilikuwa wewe," akanong'ona.

Mwalimu alifungua kinywa. Alikuwa na majibu kumi, na hakuna hata moja la kunong'ona. Akamtazama mtoto, akafumba kinywa, akayameza yote.