Taya Lisilo na Namba

Wifi yake Fundi alikuja kupima ghala la visukuku la makumbusho akiwa na kishikwambi na kucha ndefu, na tangu asubuhi ile ya kwanza niliona kuna mtu atalia.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Mimi nafungua droo, yeye anapiga picha, anaonyesha kwenye ramani yake ni kabati gani na rafu ipi, kisha anabandika stika. Ya kijani, mfupa unabaki. Nyekundu, unatoka. Kinachouokoa ni namba iliyoandikwa juu yake kwa wino, maana ndiyo inayosema ulichimbwa wapi. Bila hiyo ni jiwe tu.

Fundi, msafishaji wetu wa mifupa, alikuwa na taya moja alilolipenda kupita yote. Lilichimbwa na marehemu mumewe, kaka wa huyo mpimaji, na tangu wamzike Fundi alikuwa akilikwangua udongo kwa sindano. Mapenzi yakapita kiasi. Akaliloweka kwenye dawa ili kuutoa udongo wa mwisho, na namba ikafutika. Nilipolitoa kwenye droo lilikuwa linang'aa, halina hata nukta.

Mpimaji akachukua stika nyekundu.

"Wifi, subiri," Fundi akasema. "Kanuni inasema namba ikikosekana, shahidi mmoja aliyekuwepo kwenye kambi ya uchimbaji anatosha. Si wewe ndiye uliyekuwa unatupikia?"

Mkuu wa ghala akaitwa. Mtu wa haki, ila mvivu. Akamuuliza mpimaji kama anakumbuka taya lilitoka wapi.

Mpimaji akalitazama. Machozi yalimlengalenga, nikajua analikumbuka vizuri sana.

"Sikumbuki," akasema.

Mkuu akajiondokea. Fundi, mtu mzima, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. "Wifi yangu, nakuomba. Sina kingine cha kwake."

"Na ile namba ilikuwa mwandiko wa nani?" mpimaji akauliza kwa upole. "Mimi sina hata barua yake. Nilikuwa nakuja hapa kuutazama mwandiko ule tu. Ukaufuta kama masizi ya sufuria. Hebu inuka, utachafua gauni."

Nilimchukia, na bado namchukia, ingawa hoja alikuwa nayo.

Vyenye stika nyekundu hupelekwa darasani, kwa wanafunzi wanaojifunza kutoboa mfupa kwa mashine. Mwalimu wao ni Fundi. Jumatatu walikuwa wameshajipanga mezani na miwani yao ya plastiki, mpimaji akalileta taya mwenyewe, kwenye sinia.

"Mwalimu, si tutaliharibu?" mmoja akauliza.

Fundi akafungua mdomo. Mpimaji akamuwahi. "Ndiyo kazi yake. Kila mtu na jino lake. Anza wewe, wifi, wakuone unavyoshika."

Fundi akavaa miwani, akawasha mashine.