Kasiksi ya Siku Mbili

Miaka ishirini Mama Généreuse alikuwa akipika kasiksi, pombe ya ndizi, ya kila dot, sherehe ya mahari, pale Karuba. Basi moyo wake uliungua siku Papa Semana, aliyekuwa anamwoza binti yake Francine, alipopita mbele ya mlango wake bila kusimama, akaenda kumwomba Falone apike kasiksi ya dot hiyo. Falone! Bibi-arusi wa juzi tu kutoka Walikale, anayepikia pombe ndani ya telefone.

Kwenye chemchemi Généreuse akawategea wenzake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Haina ulimi, haijaonja hata tone, lakini inafundisha watu kupika kasiksi."

"Telefone ya Falone!"

Wakacheka mpaka ndoo zikamwaga maji. Yeye mwenyewe hakucheka. Wivu ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumanne akaenda kwa Falone, eti anaomba chumvi. Falone, mtoto wa heshima, akamwonyesha kila kitu.

"Nilijaribu programu tatu, Mama. Ya kwanza inajua shayiri tu. Ya pili inaomba connexion ya intaneti kila saa. Hii njo ilikubali ndizi. Unaandika maji ya ndizi, unga wa mutama, na joto la nyumba. Yenyewe inahesabu siku za kuchacha."

"Inasema ngapi?"

"Mbili. Nitaanza Alhamisi."

Généreuse akachungulia. Joto: digrii ishirini na nane. Hilo ni joto la Walikale, alikoliandika Falone kabla ya kuolewa, na hakuligusa tena. Hapa Karuba watu wanalala na blanketi mbili. Kwa baridi hii kasiksi inataka siku nne.

Neno lilimfika kwenye meno. Akalimeza. Jioni ile ile akaanza kupika ya kwake kwa siri.

Jumamosi asubuhi, siku ya dot, Falone akamletea kibuyu.

"Onja, Mama. Wewe njo unajua."

Ilikuwa tamu tupu, haina nguvu hata kidogo.

"Iko muzuri, mutoto wangu."

Mchana wageni wakafika kutoka Kirolirwe na ng'ombe wao. Papa Gakwaya, baba wa bwana-arusi, akavuta mrija, akauacha, akachungulia ndani ya kibuyu.

"Semana, tumekuja ku dot ao ku ubatizo wa mutoto?"

Semana akainamisha kichwa. Généreuse akakaza kitenge chake, akingoja kuitwa.

"Lakini Mama Généreuse alionja asubuhi," Falone akasema, machozi yakimlengalenga. Kisha akamgeukia. "Mama, na mimi niko na kitendawili. Iko na ulimi, imeonja, lakini haikusema kweli."

Macho yote yakamwangukia Généreuse. Aseme ulimi wake wa kuonja umeharibika, ao aseme ni moyo wake? Ulimi uliompa sifa ya upishi miaka ishirini, hapana, hakuweza kuutupa.

"Ulimi wangu iko muzima," akasema. "Moyo njo ilikuwa na wivu. Mutume watu kwangu, kuko bidoni tatu za kasiksi."

Zikaletwa. Watu wakanywa, Gakwaya akaimba, lakini hakuna aliyetaja jina la mpishi. Généreuse akabaki peke yake kwenye benchi, mpaka Falone akaja kukaa kando yake, macho bado mekundu, telefone mkononi.

"Joto la hapa ni ngapi, Mama?"

"Andika blanketi mbili."

"Inataka chiffre, namba."

"Basi weka siku nne." Akaitazama telefone kwa jicho la pembeni. "Iko na nafasi ya jina la mpishi?"

"Iko."

"Weka la kwangu mbele ya la kwako."